Umbali Ambao Haukuandikwa Kwenye Mkataba

Mkataba wa kazi yangu ya pili niliusaini Ijumaa moja alasiri bila kuuliza hata swali moja kuhusu mahali ofisi ilipo. Niliuliza mshahara, likizo, bima ya afya na muda wa majaribio. Anwani niliiona juu ya barua, nikainakili kwenye simu, na Jumapili asubuhi nikaenda kulitazama jengo kwa nje. Njia ilikuwa nyeupe. Nilitumia dakika 35, nikarudi nyumbani moyo umetulia.

Jumatatu nilitoka nyumbani saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nilipoingia ofisini ilikuwa saa moja na dakika 40.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Mimi ni mhasibu. Pale nilipewa timu, nikapewa vitabu vya hesabu vilivyotunzwa kwa nidhamu, na bosi aliyejua kufundisha bila kudhalilisha. Mshahara ulikuwa umepanda kwa robo nzima kulinganisha na ule wa mwanzo. Ningekuwa nimeulizwa wakati huo kama mahali pa kazi ni jambo la kufikiria, ningesema ni jambo la kuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kipya.

Ilinichukua miezi saba kukaa na kalamu. Nilikuwa ndani ya basi lililosimama kwenye foleni, nikaandika nyuma ya daftari. Kazi ya zamani: saa tisa kazini pamoja na mapumziko, na dakika 20 za kwenda, 20 za kurudi. Jumla dakika 580 kwa siku. Kazi mpya: saa tisa zilezile, lakini dakika 100 za kwenda na 100 za kurudi. Jumla dakika 740. Nikagawanya. Muda niliokuwa nautoa kwa ajili ya kazi ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 27, na mshahara kwa asilimia 25. Kwa kila saa niliyokuwa nje ya nyumba yangu kwa sababu ya kazi, nilikuwa nalipwa kidogo kuliko nilikotoka, na nauli sijaigusa bado. Kisha nikapiga hesabu ya mwaka. Ukichukua siku 230 za kazi, zile dakika 160 za ziada zinakuwa zaidi ya saa 600. Ni siku 76 za kazi, za saa nane nane. Mtu ninayejitafutia riziki kwa kufunga hesabu za wengine nilikuwa nimekaa miezi saba bila kufunga hesabu hiyo ya kwangu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wapo waliolipima jambo hili kwa utaratibu. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichambua takwimu za Ujerumani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Nadharia ya uchumi ilitegemea kwamba anayesafiri mbali awe amefidiwa mahali fulani, ama kwa mshahara mkubwa ama kwa nyumba nafuu, kiasi kwamba mwishowe aridhike na maisha sawa na jirani yake anayefanya kazi karibu. Walichokuta ni kwamba kadiri safari ya kazini ilivyokuwa ndefu, ndivyo watu walivyosema hawaridhiki na maisha yao. Fidia haikutosha. Na mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanawake 909 wafanyakazi wa Texas, Marekani, waliisimulia siku yao ya jana kipande kwa kipande pamoja na hisia za kila kipande. Safari ya kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa vipande vilivyopendwa kidogo kuliko vyote. Niliposoma hayo sikushangaa, niliona tu kwamba sikuwa peke yangu kwenye lile basi.

Lakini takwimu hizo hazigusi kitu kilichonichosha kuliko vyote. Urefu wa njia nadhani ningeuzoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kutojua. Siku moja ilikuwa dakika 70, kesho yake 150, na hakuna aliyeweza kukuambia asubuhi itakuwa ipi. Kitabu cha mahudhurio hakitazami wastani wako wa mwezi, kinatazama leo umefika saa ngapi. Kwa hiyo kila siku nililazimika kuondoka kama vile leo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Siku zikiwa nzuri nilifika dakika 40 kabla ya mlango kufunguliwa, nikakaa kwenye ngazi na begi mapajani. Zile dakika 40 hazikuwa za mwajiri wala hazikuwa zangu. Siwezi kulala, siwezi kumwandaa mtoto, siwezi kufanya kazi. Nimekaa. Mtu akiniambia leo kwamba kazi fulani iko umbali wa dakika 45, swali langu la kwanza ni: dakika 45 siku njema, au dakika 45 siku zote? Dakika 60 zisizobadilika ni bora kuliko 40 zinazoweza kugeuka 90, kwa sababu zile 60 unaweza kuzipangia maisha.

Na si dakika zote zina uzito mmoja. Dakika 45 umekaa kwenye kiti, gari moja hadi mwisho, unaweza kusoma au kufumba macho. Dakika 45 za kubadilisha usafiri mara tatu, kila mara unakimbilia foleni nyingine, zinakufikisha kazini ukiwa tayari umefanya kazi. Anayeendesha mwenyewe ana uhuru wa kuondoka atakapo, ila mikono na macho yake vimefungwa muda wote, hata simu ya nyumbani hapaswi kuigusa. Anayetembea kwa miguu ndiye pekee ambaye safari yake inamrudishia kitu mwilini. Ukitazama ramani, njia hizi zote zinaonekana mstari mmoja wa buluu.

Sasa nifike kwenye siku iliyonifanya niandike haya.

Ilikuwa katikati ya wiki, mke wangu yuko safarini kikazi. Saa tano asubuhi simu ikaita, namba ya shule. Binti yetu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa ameanguka uwanjani na mkono umevimba vibaya. Nilisimama palepale, nikamwambia bosi, akaniruhusu bila kusita. Ruhusa niliipata kwa nusu dakika. Njia ndiyo iliyokuwa ileile. Nilikaa barabarani karibu saa mbili, simu mkononi, nikimpigia kila mtu niliyemfahamu upande ule wa mji. Nilipoingia hospitali mkono ulikuwa umeshapigwa picha na kufungwa hogo, dawa ya maumivu imeshafanya kazi, na binti yangu amelala, kichwa kiko mapajani kwa mama jirani yetu. Yeye ndiye aliyempeleka. Yeye ndiye aliyeshikwa mkono na mtoto wakati mfupa unarudishwa mahali pake. Nilipoanza kumshukuru, maneno yakawa yananikwama. Akanijibu kwa upole kabisa: "Usijali, baba. Mimi nilikuwa karibu tu."

Nilibeba sentensi hiyo nyumbani na sikuweza kuiweka chini. Nilikuwa nimeshajijua kwamba nimechoka, kwamba nalala vibaya, kwamba mgongo unauma. Hayo niliyahesabu kuwa gharama zangu na nilikuwa radhi kuzilipa. Siku ile niliona kwamba umbali ule walikuwa wanaulipa watu ambao hawakusaini mkataba wowote. Mke wangu aliyekuwa anaamka, anaandaa, anapeleka, anarudisha na kulaza peke yake kwa siku tano za wiki, huku naye ana kazi yake. Mtoto aliyekuwa ananiona macho yakiwa na usingizi asubuhi na kunisikia mlango ukifungwa usiku. Mama jirani, ambaye hata mshahara wangu hakuujua. Hakuna aliyewauliza. Mimi niliyesaini ndiye niliyepewa mshahara, na wao ndio walioachiwa saa zangu wazibe pengo lake.

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, Erika Sandow, alifuatilia wanandoa wa nchi hiyo na mwaka 2011 akaonyesha kwamba wale ambao mmoja wao husafiri dakika 45 au zaidi kwenda kazini walikuwa na hatari ya kutengana kubwa kwa takriban asilimia 40 kuliko wengine. Sisi hatukufika huko. Lakini najua kulianzia wapi. Kulianzia kwenye maneno madogo: "Si nilikuambia juzi?" Alikuwa ameniambia kweli. Aliniambia saa tatu usiku, nikiwa nimesimama kwa miguu lakini akili imelala.

Tukaamua kuhamia karibu na ofisi. Ndiyo dawa ambayo karibu kila mtu hutaja kwanza, na wakati mwingine inatibu. Tulihama. Kodi ya nyumba upande ule ilikula karibu yote niliyokuwa nimeongezewa, binti akahamishwa shule, mke wangu akawa yeye sasa ndiye mwenye njia ndefu, si kama ile yangu ya mwanzo, lakini ndefu. Na mama jirani tukamwacha nyuma. Nilikuwa nafika kazini kwa dakika 15 na nilijiona nimeshinda.

Mwezi wa nane tangu tuhame, likatoka tangazo la ndani: ofisi inahamia upande wa pili wa mji.

Nilikwenda kwa ofisa utumishi nikiwa na hakika kwamba nina haki ya kulalamika. Akatoa faili langu, akalifungua ukurasa wa pili, akanisomea bila dharau yoyote. Kituo changu cha kazi, ilisema, kitakuwa ofisi kuu au mahali pengine popote mwajiri atakapoelekeza kulingana na mahitaji ya kazi. Sahihi yangu ilikuwa chini. Nilikuwa nimekisoma kifungu kile siku ya kwanza na kukipita kama mtu anavyopita maneno ya kawaida. Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa karibu nami akipata mkataba mpya, hicho ndicho kifungu cha kwanza ninachomwambia akitafute. Kinaandikwa kwa maneno tofauti, lakini kazi yake ni moja: kinampa mwajiri haki ya kubadilisha maisha yako bila kubadilisha mkataba wako. Mara nyingi kinaweza kujadiliwa kabla ya kusaini. Unaweza kuomba kiandike eneo maalumu, au kitamke kwamba uhamisho utakuwa na taarifa ya miezi kadhaa na gharama za kuhama zitakuwa za mwajiri. Ukishasaini, mjadala huo umekwisha. Na kwenye usaili siku hizi nauliza wazi: mkataba wa pango la jengo hili unaisha lini? Wengine hushangaa kuulizwa. Anayenijibu bila kujikunja ananiambia mengi kuhusu namna anavyowatazama wafanyakazi wake.

Sikuhamia huko walikohamia. Nilitafuta kazi nyingine, na safari hii niliweka ukaribu mbele ya kila kitu. Nikaipata: dakika 12 kwa miguu kutoka mlango wangu hadi mlango wao. Miezi ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyepona. Nilirudi nyumbani jua bado lipo. Nilimpeleka binti shule mwenyewe, nikajua majina ya rafiki zake, nikajua ni somo gani linamtoa machozi. Nilipata nafasi ya kukaa na mke wangu bila mmoja wetu kusinzia. Kama ningesimulia hapa na kukomea hapa, ingekuwa hadithi nzuri, lakini isingekuwa kweli yote.

Ukaribu una mtego wake. Ilianza Jumamosi moja: mfumo wa malipo umegoma, wenzangu wanakaa mbali, "wewe si uko karibu, pita mara moja." Nikapita. Kisha ikawa Jumapili. Kisha ikawa saa mbili usiku, mtu amesahau kufunga kabati la nyaraka. Ndani ya mwaka mmoja mimi ndiye niliyekuwa nafungua ofisi na mimi ndiye niliyekuwa naifunga, na hakuna mahali hilo liliandikwa au kulipwa. Zile saa nilizokuwa nimeziokoa barabarani zilikuwa zinachukuliwa tena, safari hii kidogo kidogo, na aliyezichukua alikuwa ananiita kwa jina langu na kunishukuru. Ilibidi nijifunze kusema hapana nikiwa dakika 12 tu kutoka mlangoni, na hilo ni gumu kuliko kulisema ukiwa mbali, kwa sababu huna kisingizio ila mpaka wako mwenyewe.

Jambo la pili nililigundua polepole zaidi. Pale nilikuwa mhasibu peke yangu. Hakukuwa na wa kumuuliza, wala wa kubishana naye kuhusu namna ya kuandika mkopo fulani vitabuni, wala mtu wa fani yangu kwenye majengo ya jirani. Mwaka 1890 mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall alieleza kwa nini watu wa fani moja hukusanyika eneo moja na kubaki hapo vizazi kwa vizazi: ujuzi unakuwa kama uko hewani, watu wanauvuta bila kukusudia. Niliielewa maana yake kwa kuikosa. Katika ile ofisi ya mbali nilikuwa najifunza hata wakati wa mapumziko ya mchana. Niliyekuwa nakaa naye meza moja alijua nani anaajiri, programu gani mpya inatumika, kanuni gani imebadilika. Katika hii ya karibu, miaka mitatu ilipita na nilikuwa najua kilekile nilichoingia nacho. Mahali pa kazi ni pamoja na watu wanaokuzunguka ukifika, na hilo ramani haikuonyeshi.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana asiende mbali. Nikiwa na miaka 23, sina mtu anayenisubiri, na kuna fundi wa fani yangu anayekubali kunifundisha upande wa pili wa mji, ningeenda tena, hata kwa dakika 100. Umbali ule ningeulipa mwenyewe. Nilichokosea mimi ni kwamba nilisaini kama mtu wa miaka 23 nilipokuwa tayari nina watu watatu wa kuniulizia.

Nikajaribu pia kufanya kazi nyumbani, mwajiri akiwa mji mwingine kabisa. Mwaka mzima na miezi miwili. Kuna utafiti maarufu wa jambo hili, ulioongozwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford katika kampuni kubwa ya usafiri ya China, Ctrip, mwaka 2010 na 2011. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliopangiwa kazi nyumbani kwa miezi tisa waliongeza ufanisi kwa asilimia 13, na idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa nusu. Hiyo ndiyo sehemu inayonukuliwa mara kwa mara. Sehemu isiyonukuliwa sana ni kwamba, ukilinganisha wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo kidogo kuliko wa ofisini, na walipopewa uhuru wa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadilisha uchaguzi wao. Nilizipitia sehemu zote mbili. Kazi yangu ilikuwa safi kuliko wakati wowote, hesabu za mwezi nilizifunga siku mbili kabla ya wengine. Nafasi ya juu ilipotokea, alipewa mwenzangu aliyekuwa anakaa mita chache kutoka kwa mkurugenzi. Alistahili, sina kinyongo naye. Lakini nilijua kwamba katika kikao kile jina langu halikutajwa na mtu aliyeniona asubuhi ile. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alilionyesha hili miaka ya 1970 kwa kuwapima wahandisi: mawasiliano kati ya watu wawili hupungua haraka sana kadiri meza zao zinavyoachana, na zikishapita kama mita 50 ni kama vile hawako pamoja. Kama mita 50 ndani ya jengo moja zinafanya hivyo, mji mzima utafanya nini?

Na nyumbani nako kulikuwa na bei. Hatukuwa na chumba cha ziada. Binti alijifunza kutembea kwa vidole vya miguu katika nyumba yake mwenyewe. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake mlangoni, kwa sauti ya chini, "Hatuwezi kucheza ndani, baba yuko kazini." Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Kumbe hata kazi isiyo na safari inaweza kulipwa na asiyesaini.

Kuna jambo moja ambalo mimi mwanaume nisingelijua bila mke wangu, na ninaliandika kwa sababu wengi tunaliruka. Yeye alikataa kazi iliyokuwa karibu na kwetu kuliko zote alizowahi kupewa. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia zamu ya jioni inatoka saa nne usiku, na kutoka lango la ofisi hadi kituo cha basi kuna mita 800 hivi zisizo na taa. "Wewe unaona dakika kumi," alisema. "Mimi naona kila siku dakika kumi." Nilikwenda kuitazama njia ile saa nne usiku. Alikuwa sahihi. Umbali wake na umbali wangu si kitu kimoja hata tukitembea njia moja.

Shemeji yangu ni fundi wa mitambo na hana ofisi kabisa; kila asubuhi anaambiwa kwa simu aanzie wapi. Kwake yeye swali la mahali linageuka kuwa swali la saa: siku ya kazi inaanza anapofunga mlango wa nyumba au anapofika kwa mteja wa kwanza? Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kwa wafanyakazi wasio na kituo maalumu, safari ya kutoka nyumbani hadi kwa mteja wa kwanza, na ya kutoka kwa mteja wa mwisho hadi nyumbani, ihesabiwe kuwa muda wa kazi. Marekani ina sheria ya mwaka 1947 ambayo kwa jumla haimlazimishi mwajiri kulipia safari ya kawaida ya kwenda na kurudi. Yaani jambo hilo linategemea uko wapi na umesaini nini, na mwenye kazi ya aina hii asikubali liachwe hewani. Vivyo hivyo ajali ya njiani: Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unazitaka nchi zilizouridhia zieleze ni katika hali gani ajali ya kwenda kazini itahesabiwa kuwa ajali ya kazini. Mtu anayekaa barabarani saa tatu kwa siku anapaswa kujua bima yake inaanzia lango la ofisi au mlango wa nyumba.

Kazi niliyonayo sasa ilikuja mwaka jana. Nilipopewa barua niliomba siku tano kabla ya kujibu, nikawaambia sababu wazi: nataka kuijaribu njia. Hawakuona ajabu. Jumatatu nilitoka nyumbani asubuhi kama mfanyakazi wao, begi begani, nikapanda treni moja hadi mwisho, nikatembea, nikagusa mlango wao na kutazama saa. Ijumaa jioni nikafanya safari ya kurudi, saa ileile wanayotoka wao. Nikiwa pale nje nilimuuliza mlinzi watu wanatoka saa ngapi hasa. Akaniambia wakuu wa vitengo huondoka saa kumi na moja, na taa huzimwa saa kumi na mbili. Sijawahi kupata jibu la manufaa kama hilo kwenye usaili wowote.

Jioni hiyo niliweka barua ya ajira mezani, mbele ya mke wangu na binti yetu ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja. Niliwaeleza mshahara, ambao si mkubwa kuliko wote niliowahi kupewa. Nikawaeleza timu, kwamba kuna wahasibu sita na mmoja wao ana uzoefu wa kunizidi mara mbili. Nikawasomea kifungu cha kituo cha kazi, ambacho nilikuwa nimeomba kibadilishwe na kikabadilishwa. Mke wangu aliuliza maswali manne. Matatu nilikuwa na majibu, la nne nikaliandika ili nikaulize.

Binti alikuwa kimya muda wote, na daftari lake la shule liko wazi. Nilidhani anafanya kazi za nyumbani. Kumbe Jumatatu alipoamka alimuuliza mama yake nimetoka saa ngapi akaandika, na Ijumaa alikaa dirishani akaandika saa niliyoingia. Akazilinganisha na saa nilizozitaja mimi, akanionyesha: kwenda dakika 41, kurudi dakika 44.

"Hizi tatu za ziada ni za nini?" akauliza.

Nikamwambia treni ya jioni ilisimama kidogo stesheni moja. Akaziandika pembeni, akafikiri, kisha akanisukumia kalamu.